Oili Chafu Haitibu Mbao: Majibu kwa Wajenzi, Wafugaji na Mafundi wa Kando ya Ziwa

Barua za mbao huongezeka kila vuli inapokaribia, watu wakikimbizana na paa na uzio kabla mvua haijakolea. Safari hii tumejibu sita. Mbili zimechukua nafasi kubwa kwa sababu zinagusa makosa tunayoyaona karibu kila saiti ya Mwanza.

SWALI: Ninaezeka nyumba ya vyumba vitatu hapa Buswelu. Mbao ni za paina, 2x4 na papi za 2x2, zimeshafika na ni kavu. Fundi anataka nimnunulie madumu matatu ya oili chafu azipake zote kabla ya kupandisha. Jirani yangu alifanya hivyohivyo, na mchwa wamefika mpaka kwenye kenchi. Nifuate lipi?
*Mama mjenzi, Buswelu*

JIBU: Mama, hayo madumu yaache hukohuko gereji. Oili ya injini iliyokwisha kutumika haina kipimo chochote cha sumu ya kuua mchwa au kuvu ambacho mtu anaweza kukitegemea. Kinachowadanganya mafundi ni ule mng'ao na harufu: kwa miezi michache mbao hainywi maji upesi, basi inaonekana imetibiwa. Kwa brashi mafuta huingia milimita moja au mbili tu. Paina ikiendelea kukauka juu ya paa hupasuka, na ufa unafungua mbao nyeupe ambayo haikuguswa na kitu. Mchwa hupita hapo. Isitoshe, oili huchuruzika na kutia madoa kwenye dari, rangi haishiki juu yake, na ukitokea moto umeulisha. Ina masizi na chembe za metali pia, si kitu cha kushika kwa mikono mitupu.

Kwa mbao za ndani, zilizo chini ya bati lisilovuja, dawa tunayoipendekeza ni ya boroni: boraksi ikichanganywa na asidi ya boriki. Boraksi ni ile unga mweupe ambayo masonara na wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita huyeyushia dhahabu, kwa hiyo si bidhaa ngeni kanda hii. Asidi ya boriki iulizie kwenye maduka ya kemikali. Tunachanganya viwili kwa sababu kila kimoja peke yake huyeyuka kidogo kwenye maji ya kawaida, lakini vikiwa pamoja huyeyuka zaidi.

Kipimo cha mbao kavu: maji lita 20, boraksi kilo 1.2, asidi ya boriki gramu 800. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe, maana unga mmoja ni mzito kuliko mwingine. Pasha maji yawe moto wa kuunguza kidole lakini yasichemke, mimina boraksi kwanza, koroga mpaka maji yawe meupe safi bila mchanga chini, kisha ongeza asidi. Ukiona chembe zimerudi kuganda chini baada ya maji kupoa, pasha tena kabla ya kutumia.

Pulizia kwa bomba la kunyunyizia dawa la mgongoni, au paka kwa brashi pana. Fanya hivyo mara tatu, ukiacha saa moja hivi kati ya mkono mmoja na mwingine, mbao ikiwa haijarandwa. Ncha zake zitumbukize kwenye ndoo ya dawa kwa dakika kumi, kwa kuwa nchani ndiko mbao inakonywa zaidi, na ndiko inakoanzia kuoza. Lita moja hutosha mbao nne za 2x4 zenye futi 12 kwa mkono mmoja, au papi sita za 2x2. Ukiwa na mbao mia moja za kila aina, utahitaji kama lita 42 kwa mkono, yaani lita 126 kwa mikono mitatu. Hiyo ni boraksi karibu kilo 8 na asidi kilo 5 na robo. Fundi akikata mbao juu ya paa, lile jeraha jipya lipakwe papo hapo. Mwachie chupa na brashi hukohuko juu, la sivyo hatashuka kuja kuchukua.

Vaa glavu, usile wala kuvuta sigara ukifanya kazi hiyo, na mjamzito asiishike kabisa, kwa sababu boroni nyingi hudhuru uzazi. Bomba lioshe mara kadhaa kabla ya kulirudisha shambani. Boroni ikizidi huunguza mazao.

Sasa, mchwa wa jirani yako. Hao wanaishi ardhini na hawawezi kukaa mbali na unyevu wa udongo. Hujenga vifereji vya udongo juu ya ukuta mpaka wafike kwenye mbao, na wakikuta mbao yenye dawa wanaweza kujenga juu yake wakaitumia kama daraja la kufikia isiyo na dawa. Kwa hiyo paa peke yake halitoshi. Fukua na uondoe mbao zote za shataringi (zile za kushikilia zege lisimwagike likikauka) zilizobaki chini ya msingi, kwa kuwa hizo ndizo karamu ya kwanza. Acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane juu ya ardhi, usirundike udongo wa bustani ukutani. Kila baada ya miezi miwili zunguka nyumba utafute vifereji. Ukiviona, usivibomoe tu, fuatilia vinakotoka.

Ukiamua kuweka dawa ya mchwa ardhini, chimba mfereji mwembamba kando ya msingi, upana sentimita 15 na kina sentimita 30, mimina lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita moja ya urefu, nyingine uchanganye na ule udongo unaorudisha. Uwiano wa dawa na maji fuata lebo ya chupa. Kama kuna kisima karibu, au nyumba ipo ufukweni, usifanye.

SWALI: Nimeuziwa mbao za kijani nikaambiwa ni za dawa. Nilipokata moja, ndani ni nyeupe. Nimeibiwa?
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Inategemea umekata wapi, na weupe unaanzia wapi. Mbao halali za dawa huwekwa ndani ya tangi la chuma, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa mgandamizo. Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, na ile rangi ya kijani inatokana na shaba na kromi. Kinachonywa dawa ni weupe wa nje wa mti. Kiini cha katikati hakinywi, hata tangi liwe kubwa namna gani.

Kata katikati ya mbao, si nchani, kwa sababu nchani dawa huingia hata ukitumbukiza tu. Ukiona kijani kimejaa sehemu yote ya weupe na katikati pameachwa penye kiini, mbao ni nzuri. Ukiona kijani ni ganda la karatasi tu pande zote nne, umeuziwa rangi. Tunajua wapo wanaochovya mbao kwenye maji ya rangi ya kijani na kuziuza kwa bei ya za tangi.

Mabaki ya mbao za kweli za dawa msiyatie jikoni wala kuchomea mahindi. Aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi. Marekani wazalishaji waliacha kuiuza dawa hii kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, ila kwa nguzo na kazi za mashamba bado inatumika sehemu nyingi duniani.

SWALI: Nguzo zangu za mkaratusi za zizi zimekatika zote sawasawa na ardhi baada ya miaka miwili. Juu ni nzima, na nilipochimbua, sehemu ya chini kabisa nayo ni nzima. Mbona zinaoza pale tu? Na nyingine nilizichoma moto kwanza.
*Mfugaji, Misungwi*

JIBU: Umeangalia vizuri, na jibu lipo hapohapo ulipoangalia. Kuvu wa kuozesha wanataka vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Juu ya ardhi nguzo inapata hewa lakini jua huikausha. Chini sana kuna unyevu lakini hewa ni haba. Pale kwenye usawa wa ardhi, na sentimita 20 hadi 30 kwenda chini, vyote viwili vipo mwaka mzima, na mchwa nao hupita hapohapo. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ile ya usawa wa ardhi haiwezi kukaa chini ya hapo wakati wa mvua.

Kuchoma moto hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ganda la mkaa ni jembamba, nalo hupasuka, na nyufa zake zinaingiza maji mpaka kwenye mti mbichi chini ya mkaa.

Mkaratusi wa miaka minne au mitano karibu wote ni weupe. Weupe hauna kinga yoyote, ila una sifa moja nzuri: unanywa dawa. Njia bora ni kununua nguzo za tangi. Kama huwezi, ipo njia ya mrututu (salfeti ya shaba), ambayo itakuongezea maisha ya nguzo lakini haitafikia zile za tangi.

Kata miti na uanze kazi siku hiyohiyo, kabla utomvu haujakauka ndani. Menya maganda yote. Kwenye pipa la plastiki changanya mrututu kilo 1 kwa maji lita 19. Usitumie pipa la bati au chuma. Shaba itajibandika kwenye chuma na kukila, na dawa yako itaisha nguvu. Simamisha nguzo, upande mnene chini, dawa ikifika sentimita 40 au zaidi. Jua na upepo vikikausha upande wa juu, mti unavuta dawa kupanda. Kiwango kikishuka, ongeza. Ziache siku saba mpaka kumi, kisha zigeuze upande mwembamba uwe chini kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo zilaze kivulini ukizifunika kwa nailoni wiki tatu dawa iendelee kusambaa, ndipo uzikaushe.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mrututu hula misumari na waya wa seng'enge, kwa hiyo funga waya kwa kuuzungushia nguzo badala ya kupigilia misumari midogo midogo. Pia ni sumu kali kwa samaki. Zamani ulitumika kuua konokono wa kichocho majini, basi jua utafanya nini ukimwagikia kwenye kijito. Mabaki usiyamwage mferejini, yatunze kwa kundi jingine la nguzo.

Ukisimika, usichonge tena ncha iliyotibiwa, maana utakuwa umeondoa kilekile ulichokilipia. Tandika kokoto sentimita 10 chini ya shimo. Zege, kama utaliweka, lisiwe kikombe kinachoshika maji chini ya nguzo. Liache wazi chini ili nguzo ikanyage kokoto, na sehemu ya juu ilainishwe kwa mteremko kutoka kwenye mti. Zege lililoachwa na bonde kuzunguka nguzo huozesha upesi kuliko udongo mtupu.

Na kwa kuwa uko Usukumani: pale ambapo uzio hauhitaji mlango wala waya wa kukaza, minyaa ya wazee haijawahi kuhitaji dawa. Inaishi. Tahadhari tu na utomvu wake machoni.

SWALI: Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa kisiwani Kome. Mitumbwi inayolala majini muda mrefu naikuta na vitundu chini, ndani yake kama kuna utando wa hariri. Mzee mmoja wa Tanga aliniambia ni wale wadudu wanaokula majahazi, nipake deheni. Ni kweli?
*Fundi, Kome*

JIBU: Fundi, mzee wako anajua bahari yake, ila ziwa ni jingine. Wale wanaotoboa majahazi pwani ni jamii ya kombe wenye mwili mrefu kama mnyoo, na wanaishi kwenye maji ya chumvi tu. Ziwa Victoria hawapo. Deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ilibuniwa kwa ajili yao.

Anayetoboa mitumbwi yako karibu bila shaka ni tunutu wa mdudu anayeitwa kitaalamu *Povilla adusta*. Anachimba kwenye mbao laini na mashina yaliyozama, pamoja na mafunjo, kisha anatandika kishimo chake kwa hariri. Huo ndio utando unaouona. Mbao si chakula chake hasa, ni nyumba. Chakula anachuja majini. Wakishakomaa hutoka majini kwa makundi usiku, siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, wakaruka, wakataga na kufa. Kwa hiyo mtumbwi uliotobolewa hauna ugonjwa wa kuendelea kuliwa ndani kwa ndani kama mbao yenye bungua, wale wadudu wanaosaga mbao kavu kuwa unga. Ukiwatoa waliomo na kuziba njia, umemaliza.

Anapumua kwa mashavu kama samaki, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Pandisha mtumbwi ufukweni, upindue, uache siku tano juani. Wote watakufa. Kwangua mwani na sehemu zilizolainika, ziba vitundu kwa lakiri ya mbao, rudia kalafati ya pamba kwenye maungio yaliyofunguka, kisha paka rangi ya mafuta mikono miwili au mitatu ukihakikisha hakuna sehemu iliyorukwa. Anaanzia pale penye ubao mbichi uliokwaruzwa na mawe, hasa chini ya mkuku (ule uti wa chini ya mtumbwi), basi hapo paka zaidi. Mtumbwi unaopandishwa nchi kavu mara kwa mara haupati shida hii. Mbao za paina wanazitoboa kwa urahisi kuliko mninga au mvule.

Dawa ya boroni tuliyomweleza mama wa Buswelu haifai kwako hata kidogo, kwani maji yataiondoa yote. Oili chafu nayo itaishia ziwani.

Jambo jingine, kwa kuwa wengi wanalichanganya na hili: mtumbwi hauozi kwa maji ya ziwa yaliyo nje, unaoza kwa maji ya mvua yaliyotuama ndani. Angalia pembe ambapo taruma, yaani mbavu za mtumbwi, zinakutana na mbao za chini. Kama ulipigilia taruma bila kuacha vitundu vya kupitisha maji, kila pembe ni kidimbwi. Toboa vitundu vya upana wa kidole gumba chini ya kila taruma, na mwenye mtumbwi awe anakinga mvua kwa turubai, akiacha upenyo wa upepo.

SWALI: Tunaanika dagaa kwenye vichanja karibu na mwalo. Miguu inaliwa na mchwa kila msimu. Tunaogopa kuweka dawa kwa sababu ya chakula. Kuna njia?
*Kikundi cha kina mama, Ilemela*

JIBU: Woga wenu ni sahihi, kina mama. Sehemu yoyote inayogusa dagaa au inayoweza kuwachuruzikia isiwekwe dawa ya aina yoyote: si mbao za kijani, si mrututu, si oili, si lami. Ondoeni mbao ardhini. Mimineni vitako vya zege kwenye ndoo kuukuu ya lita 10, kila kimoja kikiwa na kipande cha bapa la chuma kilichosimamishwa katikati kabla zege halijaganda. Mguu wa kichanja unafungwa kwa bolti kwenye bapa hilo, ukiacha upenyo wa sentimita 5 kati ya mti na zege. Mchwa wakitaka kupanda watalazimika kujenga kifereji wazi juu ya zege na chuma, nanyi mtakiona mkifagia asubuhi.

Uwiano: saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndogo ndoo tatu. Mwagieni maji siku saba kabla ya kutumia. Miti ya juu menyeni maganda yote. Chini ya ganda ndiko unyevu unakojificha na bungua wanakotagia.

SWALI: Kigoda changu cha mninga kinamwaga unga laini kama wa sembe. Nikifuta, kesho upo tena.
*Msomaji, Nyakato*

JIBU: Ni bungua. Kipindue utazame: karibu bila shaka unga unatoka kwenye mstari mweupe wa pembeni, si kwenye wekundu. Kiini cha mninga kina kinga yake, lakini weupe wake una wanga ambao bungua wanaupenda, na fundi aliuacha ili asipoteze ubao. Kwa kigoda kidogo dawa si lazima. Joto linatosha: mbao ikifika nyuzi 55 mpaka ndani na kukaa hivyo saa moja, mayai na mabuu hufa. Kifunge kwenye nailoni nyeusi, kiweke juu ya bati lililo juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, siku nne za jua kali mfululizo, ukikigeuza kila siku. Hakikisha kimekauka vizuri kabla, vinginevyo kitapinda. Kisha ziba vitundu kwa nta na upake vanishi pande zote, pamoja na chini ambako hakuna anayepaangalia, maana jike hutaga kwenye vinyweleo vya mbao isiyopakwa kitu. Weka karatasi nyeusi chini ya kigoda kwa mwezi mmoja. Unga mpya ukionekana juu yake, rudia juani.